Tulivyopoza madarasa ya chuo Walikale wakati wa vita, na jibini za Masisi ndizo zilizotupimia joto

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Miaka yote nasoma humu bila kuandika. Leo nimeona mtu anasema miji yetu ya joto haiwezi kupoa bila AC, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimewakosea. Haya nimeyafanya kwa mikono yangu. Asiyeamini aje Walikale apande ngazi aone paa.

Kwanza mnijue.

Nimezaliwa Karuba, milima ya Masisi, kwenye ng'ombe na maharage. Kule hata saa sita mchana mtu yuko na koti. Sikusomeshwa na mjomba wala na mradi. Nilikwenda Mwanza, mchana napiga plasta, jioni nakaa darasani, hadi nikapata diploma ya ujenzi. Mhuri wake ukiushika kwa kidole unausikia.

Vita vilipochacha, wenzangu walikuwa wanatafuta lifti ya kutoka Kivu. Mimi natafuta ya kuingia.

Karuba haikufikika. Nikazunguka njia ndefu hadi Walikale, kwenye msitu, chini, joto na unyevu. Chuo kimoja kidogo kikanichukua nifundishe ujenzi na kusimamia majengo. Nusu ya wanafunzi walikuwa wakimbizi wa ndani kutoka Masisi. Madarasa ya zamani yalikuwa yamejaa familia zilizokimbia, huwezi kuwatoa. Nikaambiwa nijenge madarasa matatu mapya, haraka, kwa mbao na manjanja, ndivyo tunavyoita mabati.

Nikajenga. Yakasimama mstari mmoja kama askari. Watu wakapiga makofi, nami sikuwazuia.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na nalisema mwenyewe kabla hamjanisema.

Nilijenga kama mtu wa Karuba. Madirisha madogo, dari hakuna, paa limebanwa hadi kwenye ukuta pasipite hata nzi. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba upepo ni adui wa nyumba. Mwanza sikufundishwa vingine, au nilifundishwa siku niliyokuwa kwenye plasta.

Saa nane mchana, madarasa yale yalikuwa tanuru. Asubuhi yalitumiwa na shule ya watoto waliokimbia, kwa hiyo sisi tulibaki na mchana tu. Wiki ya pili msichana mmoja akaanguka katikati ya jaribio, akatolewa amebebwa.

Mkurugenzi akaniita. Mzee mkavu, hacheki.

"Papa Technicien, session iko nyuma ya wiki tatu. Inje hatuwezi, mvua inanyesha kila mangaribi. Kama batoto banaanguka, mimi nafunga. Njo vile."

Session ni mtihani wa mwisho wa mwaka, na kufunga maana yake mwaka mzima unafutwa. Kwa mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Masisi na vitabu kwenye gunia la maharage, mwaka kufutwa ni kuambiwa arudi kulima shamba ambalo haliko tena mkononi mwake.

Nikamjibu hafungi mtu. Nipe wiki tatu.

Dawa ya kwanza niliijua: paka paa chokaa nyeupe, jua linarudi lilikotoka. Kitu cha kisayansi kabisa. Nikapanda na ndoo na brashi.

Sijamaliza bati la pili, chini pamejaa akina mama waliokimbilia yale madarasa ya zamani. Mbele yao Furaha, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, mtu wa Muheto kule Masisi, mdomo wake haujawahi kuomba ruhusa.

"Papa Technicien, unatuwashia taa?"

"Ni chokaa, dada. Inapoza."

"Itapoza nani? Iyi nyeupe itaonekana toka kilima yote, na vile vitu vinapitaka mu hewa vitaiona mbele ya wote. Sisi tulikimbia Muheto juu ya vitu kama ivyo. Shuka."

Nikaanza kueleza mwanga na joto. Mama mmoja akasema, "Muacheni amalize, halafu alale mule pekee yake."

Nikashuka. Wakuu, nina diploma, lakini bomu lililoanguka kijijini kwao kutoka angani mimi sikuliona, wao waliliona. Mabati yale niliyasugua kwa matope hadi weupe ukaisha.

Usiku huo sikulalamika, nilichora.

Kesho yake nikawaambia wanafunzi: hiki chuo ni maabara. Mji huu umejaa vibanda vya mabati vya watu waliokimbia, na wote wanaungua. Huwezi kwenda kutoboa nyumba ya mkimbizi kwa kubahatisha. Lakini sisi tuna vyumba vitatu vinavyofanana, jua moja, na watu wanaojua kuandika. Tukikosea tunachekwa tu.

Chumba cha kwanza kibaki kilivyo. Cha pili, tuweke paa la majani juu ya mabati, liinuliwe mkono mmoja hewa ipite katikati. Cha tatu, tupanue madirisha pande zote mbili na tufungue pale paa linapokutana na ukuta.

Mkurugenzi akashika kichwa.

"Tulitafuta manjanja miaka yote, tutoke mu nyumba ya majani. Leo weye munye diplome unataka kufunika manjanja na majani? Wageni watasema nini?"

Nikamwambia wageni hawafanyi mtihani humu.

Tatizo lingine: vipimajoto. Tuliviagiza Goma kwa lori la Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila siku, mwenye duka hapa na jingine Kashebere. Lori likazuiliwa kwenye kizuizi cha wenye silaha, likakaa huko na vipimajoto vyetu.

Nikaenda dukani kwake kuuliza. Nikamkuta anafoka juu ya jibini. Sisi tunasema fromaji, ile ya duara ya Masisi. Vita au si vita, wapagazi walikuwa wanaileta kwa miguu. Ilipita hata pale mwalimu hapiti. Ikifika Walikale inaanza kutoka jasho la mafuta.

Wakuu, pale nilisimama kama niliyeitwa jina. Baba yangu alikuwa mtengeneza jibini. Chumba kikiwa baridi ngozi yake ni kavu. Joto likipanda inang'aa. Likizidi inatoa matone. Likizidi zaidi inalala. Nilikua nikiitazama kama wengine wanavyotazama saa.

"Mama, niazime tatu. Za siku moja, uzito mmoja."

"Za kufanya nini?"

"Zisome chuo."

Akacheka hadi akashika kaunta. "Nakuazima, sikupi. Na kama wanafunzi wako wanakula ata kipande, nitabeba ile diplome yako niifungie batu chumvi."

Basi vyumba vilipokuwa tayari, jibini tatu zikaanza chuo. Kila chumba moja, juu ya dawati, kwenye urefu wa kichwa cha mtu aliyekaa, na watu ndani, asubuhi wale watoto, mchana wanafunzi kwa zamu, maana chumba kitupu hakikuambii ukweli. Kila saa mtu anaangalia na kuandika ubaoni: kavu, inang'aa, matone, imelala.

Chumba cha kwanza jibini ilitoa matone kabla ya saa sita. Saa nane imelala kama mlevi. Mama Kavira alipoiona akasema, "Iyi imekufa, muzikeni." Ilizikwa kwenye fufu, ugali wetu wa muhogo, na mazishi yalihudhuriwa vizuri.

Cha pili, cha majani, ilikaa kavu hadi mchana, kisha ikaanza kutoa matone. Jua halikuingia, lakini pumzi za watu hazikutoka.

Cha tatu, cha madirisha, upepo ulipita, lakini bati la juu liliendelea kututemea moto. Matone saa tisa.

Hakuna aliyeshinda, na siku zilikuwa zimebaki chache. Wengine wakaanza kufunga mizigo kimoyomoyo. Furaha akasimama mbele ya ubao, mikono kiunoni.

"Moja inazuia jua, ingine inafukuza jasho. Papa, unangoja nini? Ziunganishe."

Nilikuwa nakaribia kulisema mwenyewe. Andikeni hivyo.

Tukafanya kazi kwenye vyumba vyote vitatu kama watu wanaodaiwa pumzi. Akina mama waliosusia chokaa yangu ndio waliokwenda msituni kukata majani, wakayasuka kuliko nilivyoweza kuwafundisha. Paa la majani halikuwaogopesha. Kutoka juu chuo kilikuwa msitu tu. Wanafunzi wakakata kuta, mimi nikainua mbao. Mvua ilitupiga, siku mbili milio ya bunduki ilisikika upande wa barabara tukalala chini, kisha tukaamka tukaendelea.

Mtaniuliza moto. Jiko lilihamishwa mbali, na ndoo za mchanga zikawekwa kila mlango. Mtaniuliza kuoza. Ndiyo, yanaoza, unabadilisha. Nyie shati likichakaa hamlibadilishi?

Siku ya mtihani, saa saba mchana, jua la kuchoma utosi. Mkurugenzi akaja na koti la suti na tai, akakaa nyuma ya darasa. Nilimwelewa: akilivua koti yeye, session imekufa.

Saa ya kwanza, kalamu tu. Saa ya pili, akagusa tai. Mimi nimesimama mlangoni, jasho langu mimi halikuwa la joto.

Karatasi ya mwisho ilikusanywa. Hakuna aliyeanguka. Mzee akasimama, koti lake bado na vifungo vyote, akanipita mlangoni akasema, "Chumba ya nne utaanza lini?"

Mwaka haukufutwa. Leo vibanda vingi mjini vina majani juu ya bati na uwazi chini ya paa, na wenye navyo wanasema waliwaza wenyewe. Siwabishii. Hata mimi nilisema hivyo kuhusu Furaha.

Nilichojifunza: nyumba hubebwa kichwani kutoka pale ulipozaliwa, hata kama una diploma. Na kabla hujapoza mji, tafuta vyumba vitatu vya chuo, kosea humo, na usikilize wanaokuambia shuka.

Waliosoma vyuo vya joto, Kisangani, Dar, Kindu, popote: madarasa yenu yana nini juu ya vichwa vyenu, na nani aliwahi kupima? Wenye povu mnakaribishwa pia, ila mje na kipimo.