Mbuzi Niliyemchagua Magazini

Iko siku moja, mjukuu wangu, ambayo hata ukiniamsha katikati ya usingizi nitaisimulia bila kukosea. Basi kaa kwanza. Hiyo televizio yako mpya iache ndani ya karatoni yake, haitakimbia. Tangu uingie hapa naona unazungukazunguka ukitafuta prizi ya kuichomeka, na huko kuhangaika kwako kumenikumbusha baba mukwe wangu, Mungu amuweke pema. Yule ni mtu ambaye tulikaa naye nyumba moja muda mrefu bila kuniambia neno hata moja.

Usishtuke, hatukuwa na ugomvi. Sisi watu wa upande wa Butembo tulipohamia Bunia tulikuja na mizigo yetu na desturi zetu pia. Katika ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto hakumkabili baba mukwe uso kwa uso. Humpi mkono, huketi karibu naye. Yeye naye hataji jina lako, wala haingii chumba unacholala. Heshima si utumwa, walisema wazee, na mimi niliibeba bila kununa. Lakini mume wangu Kambale alikuwa na kazi ya kamyo, yale malori ya kwenda Mahagi, leo yupo, kesho hayupo, na muzee na mimi tulibaki wawili katika nyumba yetu ndogo kule mtaa wa Shari. Sasa niambie, watu wawili wasioongea wataishije? Nani atajua kama chumvi imezidi?

Muzee akapata dawa yake. Akawa anaongea na vitu. Na kati ya vitu vyote aliipenda frigo, jokofu letu, ambayo ilikaa chumbani kwetu kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na prizi moja tu, na fundi aliitia huko. Muzee anakaa saloni, pale sebuleni, anaugeukia mlango wenye pazia, anasafisha koo, halafu anasema: "Weye frigo, umeonja sombe ya leo? Chumvi iko mingi." Mimi niko nyuma ya nyumba namjibu kupitia sufuria yangu: "Sufuria, usiwe na wasiwasi, kesho tutapunguza." Wapita njia walidhani nyumba ile ina wazimu wawili. Kumbe tulikuwa tunaelewana kuliko wengi wanaotazamana machoni.

Sasa ile frigo haikununuliwa kwa ajili ya mayi baridi. Muzee alikuwa na ugonjwa wa sukari. Miaka ya themanini ilikuwa inaanza, nchi bado inaitwa Zaire, na dawa yake ya sindano ilitoka mbali sana. Masista wa dispanseri walitupa chupa chache chache, wakatuonya kwamba zikipata joto zimekufa, na zikifa hakuna nyingine mpaka ndege ije, na ndege inakuja siku inayotaka yenyewe. Hapo mwanzo nilizitunza ndani ya mtungi wa udongo uliofukiwa kwenye mchanga wenye maji, na kila saa nilikwenda kuugusa. Kambale alipoileta ile frigo juu ya kamyo, nililia. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na mume wangu, maana niliona mzigo wa uhai wa mtu umetoka mikononi mwangu.

Ulikuwa umetoka nusu tu. Kuran, ndivyo tunavyouita umeme hapa kwetu, ilikuwa na tabia zake. Inaondoka bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi. Nayo ikirudi, mtaa mzima unapiga kelele, "Imerudiaa!", kama vile timu yetu imefunga goli. Na desturi ya kila nyumba ilikuwa hii: kuran ikiondoka, unaiacha redio imefunguliwa, tena sauti juu kabisa, ili ikirudi redio ndiyo ikupe habari. Hakuna aliyeona ubaya wa jambo hilo. Mimi niliacha redio na frigo vyote kwenye ile prizi, na nikaona nina akili.

Muzee hakupenda. Nilimsikia akiiambia frigo kwamba mugeni akitoka safari ya mbali hapakuliwi chakula mlangoni. Anapewa kiti kwanza, anapumua, unamtazama uso wake kama amekuja kwa heri ama amekuja na hasira, ndipo unaleta sahani. Nilifikiri ananisema kuhusu dada yangu aliyetutembelea wiki ile. Nikaiambia sufuria kwamba wageni wangu wote nawapokea vizuri, asante. Muzee akaguna. Ndivyo yalivyo mambo ya mafumbo, mwanangu, yanafika, lakini wakati mwingine yanafika kwenye nyumba ya jirani.

Basi siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua. Kuran ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Nilikuwa jikoni nje, mikono yangu yote ndani ya unga, nikasikia mtaa unapiga kelele, "Imerudiaa!" Redio yangu ikaanza kuimba, lakini haikuimba kama kawaida, ilikuwa inalia. Kabla sijajua ni nini, nikasikia sauti ya mwanaume kutoka saloni ikiita jina langu.

"Masika! Masika, toa ile kitu mu prizi!"

Mwanangu, nilisimama kama nimepigwa. Jina langu ndani ya kinywa cha baba mukwe. Nilidhani anakufa, nilidhani nyumba inaungua. Nikakimbia na unga wangu mikononi, nikampita amesimama mbele ya pazia la chumba chetu. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika mwimo wa mlango, anataka kuvuka, na hakuvuka. Juu ya kichwa chake ampuli, ile balbu ya saloni, ilikuwa nyeupe kupita kiasi, inauma macho. Niliingia, nikang'oa nyaya zote mbili kwa nguvu zangu zote. Redio ikanyamaza. Hatukupumua hata mara mbili, ampuli ya saloni ikapasuka, vipande vikamwangukia muzee mabegani.

Kwa jirani harufu ya mpira unaoungua ilitoka dirishani. Redio yao yenye kaseti ilikufa siku ile, na pasi yao pia. Mimi nilifungua mlango wa frigo nikatazama zile chupa ndogo zimejipanga pale, baridi, salama. Nikaziomba msamaha kama vile ni watu. Hapo ndipo nilipomjua yule mugeni wa muzee: alikuwa kuran, na siku ile alirudi na hasira.

Jioni Kambale alirudi kutoka Mahagi. Muzee hakumuuliza habari za njia. Alimwambia, nami nikisikia nyuma ya pazia, kwamba leo amevunja heshima ya nyumba, ametaja jina la mke wa mtoto wake kwa sauti ambayo mtaa mzima umeisikia, na anajua desturi. Anayevunja heshima ya namna ile analipa mbuzi. Na mbuzi huyo hachaguliwi na mwenye kulipa, anachaguliwa na yule aliyekosewa, anaingia mwenyewe zizini na kumshika anayemtaka. Lakini mbuzi zake ziko mbali, Butembo. Basi yule aliyekosewa aseme anataka kitu gani mahali pa mbuzi, na yeye atatoa.

Kambale akaja kuniuliza, anacheka chinichini, anangoja niseme kitenge. Nikamwambia sitaki kitenge. Nataka kile chombo wanachokiita stabilizateri, kile cha kukaa kati ya prizi na frigo kinachoituliza kuran kabla haijaingia. Muzee aliposikia, akaiambia frigo: "Weye, uko na bahati. Iko mutu anakupenda."

Tukaenda watatu magazini, duka la vyombo vya umeme, mimi nyuma, kama ilivyofaa. Mwenye magazini, mfanyabiashara wa Butembo kama sisi, alituwekea mezani aina tatu. Moja ilikuwa kubwa, nyekundu, ina mshale na taa za rangi. Ya pili nyeupe, nyepesi kama karatoni ya sabuni. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, nzito, haina sura. Kambale akapenda ile nyekundu palepale, na usinicheke, na mimi niliipenda. Nilishaiona iko chumbani inametameta, na majirani wanaingia kuitazama.

Muzee alisimama kule mlangoni, mgongo kwetu, akamwambia mwanawe kwa sauti ya kufika mpaka kwangu:

"Kambale, ambia ule anachagua: mbuzi anaangaliwa meno, haangaliwe pembe."

Basi nikaanza kuangalia meno. Nikamuuliza mwenye magazini ile nyekundu ni ya kulisha nini. Akasema ukweli, Mungu ambariki, kwamba hiyo ni ya baa, ya frigo tatu nne pamoja, na muziki. Nikaweka kiganja juu yake, maana ilikuwa imewashwa tangu asubuhi bila kulisha kitu chochote, nikaikuta ina joto kama paji la mtoto mwenye homa. Ile joto ni kuran, mwanangu. Inakula yenyewe, usiku na mchana, hata usipoipa kazi, na wewe ndiye utakayelipa. Ile nyeupe nikaiinua kwa vidole viwili. Kitu cha kubeba nguvu hakiwezi kuwa chepesi hivyo, ndani yake hamna shaba ya kutosha. Nikaiacha.

Nyeusi, nayo imewashwa tangu asubuhi, ilikuwa baridi. Kambale alikuwa amesoma ile namba ya nguvu iliyoandikwa mgongoni mwa frigo yetu, akaitaja, na mwenye magazini akatuonyesha kwamba nguvu ya ile nyeusi inaipita namba hiyo mara kadhaa. Nikauliza kwa nini ipite. Akasema frigo ikiamka inavuta kwa pupa kabla haijatulia, kwa hiyo lazima uipe nafasi, lakini nafasi ya frigo, siyo nafasi ya baa. Halafu nikamwomba kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kumwomba. Nikamwambia atie ampuli kwenye kila moja, aondoe kuran, halafu airudishe.

Akafanya. Nyekundu ilipeleka kuran palepale, ampuli ikawaka kabla hajaondoa mkono. Akaleta nyeusi. Akarudisha kuran, na ampuli haikuwaka. Tukangoja. Kambale akasema imekufa hiyo. Tukangoja tena, muda wa kusema Baba Yetu mpaka mwisho bila haraka. Ndani yake ikalia kidogo, tak, na ampuli ikawaka taratibu. Mwenye magazini akaona haya, akaeleza kwamba imetengenezwa hivyo, inaisikiliza kuran kwanza, na kuran ikizidi sana inakataa kabisa kuipitisha. Alidhani ni kasoro itakayotukimbiza.

Muzee aligeuka pale mlangoni, desturi imemponyoka tena, akatazama meza. "Ile inajua kupokea mugeni," akasema.

Ndiyo niliyoichukua. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, na sisi wa Ituri, nchi ya machimbo ya dhahabu, nani atatufundisha neno hilo? Tulipofika nyumbani Kambale aliifunga, ikasema tak yake, frigo ikanguruma. Nikatoka chumbani nipite kwenda jikoni, nikamkuta muzee amesimama saloni ananingoja. Hakuitazama frigo. Alinitazama mimi.

"Masika," akasema. "Siku ile jina yako ilinitoka juu ya woga. Leo ninaiita juu ya aksanti. Umenilinda kama mutoto wa tumbo yangu."

Sikuwa na sufuria ya kumjibu. Nilipiga magoti, nikasema, "Aksanti, Baba," na nikaenda jikoni kulia vizuri.

Muzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alimbeba mama yako mgongoni, akamfundisha kuhesabu kwa maharagwe, akamsindikiza siku yake ya kwanza ya shule. Wagonjwa wengi wa sukari wa siku zile hawakuwaona wajukuu wao, mwanangu. Mama yako alimjua babu yake.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujatoa hiyo televizio, nenda kanunue cha kuilinda, na ukifika dukani usidanganywe na taa. Soma namba mgongoni mwa chombo chako, utafute kinga inayoipita kwa kiasi, isiwe ya kulisha mtaa. Iguse ikiwa imewashwa bure. Ikiwa ya moto, inakula jasho lako. Iinue, uzito wake utakuambia ukweli. Mwombe muuzaji aondoe kuran na airudishe mbele ya macho yako, na ile inayongoja ndiyo yako. Kuran ikiondoka nyumbani, toa nyaya zote, acha ampuli moja tu ikupe habari, na ikirudi uitazame uso kwanza. Ukienda kulala, zima usichokitumia. Na mtu akikuambia haya kwa mafumbo, usikasirike ukasema anakusema. Muulize. Mimi nusura nimpoteze baba kwa kudhani anamsema dada yangu.

Mungu akupe nyumba yenye mwanga usiounguza. Akupe wakwe watakaolitaja jina lako kwa shukrani, na watoto wako wawajue wazee wao wakiwa hai. Nenda sasa, magazini bado hazijafungwa.