Mtoto Anaibusu Sarafu Niliyoibadilisha

Admin, tafadhali ficha jina langu na la hoteli. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe, kwa sababu mama nitakayemtaja ana jamaa wanaosoma ukurasa huu.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa. Kwetu ni Bungoma, shule niliachia darasa la sita, na sasa ni kibarua katika hoteli moja hapa Diani. Asubuhi natoa mwani ufukweni kabla wageni hawajaamka, na jua likipanda nachimba, nabeba, nafukia, chochote nitakachoambiwa. Mgongo umechoka. Nikipiga simu nyumbani, mwanangu mdogo hunisalimia kama anavyomsalimia jirani.

Nimepanga chumba Ukunda kwa mama mmoja Mdigo, nitamwita Bi Mwanamisi. Nilipougua malaria, ni yeye aliyenipikia uji na kunikalia kitandani. Huniita mwanangu, nami humwamkia shikamoo kila asubuhi, na chakula nakula kwake. Analea mjukuu wa kike. Mama wa mtoto ni marehemu binti yake, Mwanajuma; alifariki alipomzaa.

Sasa niwaeleze habari ya sarafu. Wageni wengine huacha bakshishi ya sarafu za dola, na huku kwetu maduka ya kubadilisha pesa hutaka noti tu. Wenzangu walikuwa wakizitupa drooni. Mzungu mmoja mzee, anayekuja kila msimu, alinikuta nikiichezea moja, akanipa kioo chake cha kukuzia nitazame. Alinieleza kwamba sarafu hugongwa kwa muhuri wa chuma, na muhuri ukichubuka, kila sarafu inayotoka chini yake hubeba alama ileile. Kwao kuna watu wanaozitafuta hizo maisha yao yote. Aliponiachia kile kioo, nami nikashikwa na hamu hiyo. Nilizikusanya kwa kila mtu, nikazijaza kwenye kopo la maziwa, wenzangu wakaniita Gavana wa Benki ya Mwani. Sikujali. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani nilichokijua mimi na wengine hawakukijua.

Kuna moja ya rangi ya dhahabu. Upande mmoja mwanamke amebeba mtoto mgongoni, upande wa pili tai anaruka. Zipo nyingi. Lakini muhuri mmoja ulichubuka, na sarafu zake zina mistari inayopita tumboni mwa tai, kana kwamba amechomwa mkuki. Mzee aliniambia nikiipata hiyo nimwekee yeye, atanipa pesa ya kunirudisha nyumbani nikae.

Kabla ya Ramadhani iliyopita, Bi Mwanamisi alinijia na sarafu kama hiyo, ameifunga kwenye pindo la leso. Alisema ilikuwa ya Mwanajuma, na alitaka kujua kama itapata kutu mtoto akiivaa. Nikaiweka chini ya kioo. Tai alikuwa amechomwa.

Nilimwambia aniachie niisafishe. Kesho yake nikampa nyingine kutoka kopo langu. Mwanamke yuleyule, mtoto yuleyule, tai mzima.

Akaigeuzageuza. "Imeng'aa, mwanangu. Umeisugua kwa kitu gani?"

"Kwa limau, mama."

"Mwenyezi Mungu akuweke."

Nilijiambia sikuiba. Alikuwa na sarafu moja, na bado ana moja. Kwamba ilikuwa ya marehemu nilijua, sitawadanganya, lakini nililijua jambo hilo bila kulifikiria.

Aliipeleka kwa fundi Kombani ikatobolewa tundu, na siku ya Idd akaitunga kwenye uzi mweusi akamvalisha mtoto shingoni. Tulikuwa mkekani tunakula pilau. Akamwambia, "Mamako aliikuta chini ya mto wa mgeni alipokuwa akitandika vitanda hotelini, wewe uko tumboni. Akaja akanionyesha: mama, tazama, huyu ni mimi na huyu ni mwanangu. Hakuiachilia mpaka siku aliyokwenda kukuzaa. Mkono wake uko hapa."

Mtoto akaibusu.

Sarafu aliyoibusu nilipewa na muuza vinyago, nikamlipa kwa sigara.

Tangu siku hiyo huibusu kila anapokwenda kulala. Juzi alinijia mimi, akaninyooshea uzi wake. "Mjomba, mbusu mama." Bibi yake akacheka, akasema hata mjomba hana hiari. Nikainama, nikaibusu.

Ya Mwanajuma bado ninayo. Mzee ametuma ujumbe kwamba anakuja msimu huu, anauliza kama nimepata chochote. Sijamjibu. Kuibadilisha kwa siri kama mwanzo haiwezekani tena, maana ile ya mtoto ina tundu na hii haina. Nikiitoboa, kwa mzee si kitu tena, na safari ya nyumbani imekwisha hapo. Nimeazima keekee kwa seremala wa hoteli, iko chini ya kitanda changu. Nimeitoa na kuirudisha mara kadhaa.

Nikitoboa na kubadilisha kimya kimya, mtoto atakuwa na sarafu ya mamake, lakini Bi Mwanamisi ataendelea kuniombea dua kwa ajili ya limau ambalo sikulitumia. Nikimwambia ukweli, kufukuzwa nitakuvumilia. Ninachoogopa ni kwamba atayakumbuka yale mabusu yote tangu Idd, na nitakuwa nimemnyang'anya hayo pia. Na nikimuuzia mzee, nitafika kwetu, nitamkumbatia mwanangu, halafu?

Ndugu zangu mnaosoma, hasa akina mama mliozika watoto, niambieni la kufanya. Msinionee haya. Mara ya kwanza mtoto alipoibusu ile sarafu niliisukuma sahani ya pilau nikaacha kula. Jana aliibusu mbele yangu nami nikaendelea kula.