Almasi Haivunjiki

Mama alifika kwangu, mtaa wa Kambarage, asubuhi, hajala kitu, na kabla sijamaliza kumwamkia akafungua pindo la kanga na kunionyesha kijiwe. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya kunde, rangi ya maji yaliyooshewa mchele, na kiliteleza vidoleni kama kimepakwa mafuta. Alikuwa amekipata kwenye changarawe huko Kishapu, ambako amekuwa akichekecha tangu pamba ilipomtupa mkono.

"Funga mlango kwanza," aliniambia.

Tukakipima kwa akili zetu. Nilikipulizia pumzi, ukungu ukapotea papo hapo, nami nikacheka kwa furaha, maana huku kila mtu anajua kwamba kipande cha chupa hubaki na ukungu, almasi haibaki nao. Mama hakutabasamu. Shemeji zake walikuwa wanatafuta mteja wa shamba aliloacha marehemu baba, na walishamwambia bila haya kwamba akitaka kubaki pale, alinunue mwenyewe. Hakuwa na kingine cha kulinunulia ila kijiwe kile.

Jirani yangu wa nyumba ya pili ni dalali wa madini. Mimi dalali simwamini hata akiniambia leo ni Jumatatu, lakini mama ndiye aliyetaka aitwe. Bwana huyo akaja, akasema "Shikamoo mama" kwa unyenyekevu wote, akakigeuzageuza kijiwe juani, akaguna.

"Feki zimejaa siku hizi, mama. Ila kipimo ni kimoja tu. Almasi haivunjiki. Kama ni yenyewe, nyundo itaruka."

"Hata sisi kule tunasema hivyo," mama akajibu.

Na kweli wanasema. Nimekua nikilisikia neno hilo. Mpaka washereheshaji wa harusi hulitumia kuwatakia maharusi ndoa isiyovunjika. Hakuna aliyewahi kulijaribu, maana nani angeipiga nyundo almasi yake?

Akakiweka kwenye ngazi ya saruji, akapiga mara moja. Kikasambaratika.

Nilishtuka mpaka nikajishika mdomo. Mama aliinama akaitazama ile ngazi, kisha akapiga magoti na kumsaidia dalali kuokota vipande. Bwana huyo alisema visije vikawachoma watoto miguu. Mama aliokota hadi chenga za mwisho, akammiminia kiganjani, akamwambia, "Wabeja, baba. Nisamehe kwa kukusumbua." Alimshukuru, jamani! Kisha akarudi Kishapu, na shamba likauzwa.

Baadaye, nikisugua kandambili zangu, niliona chembe imenasa kwenye soli. Niliipitisha juu ya kioo cha meza, ikaacha mstari. Kwa ubishi wangu tu nikaipeleka mjini kwa mnunuzi mwenye leseni, mwanamke wa makamo. Aliigusa kwa kipimo chenye umbo la kalamu, kikalia.

"Almasi hii," alisema.

"Haiwezekani! Ilivunjwa kwa nyundo mbele ya macho yangu."

"Dada, almasi inakwaruza kila kitu, lakini ukiipiga inavunjika. Nani alikwambia haivunjiki?"

Nikakaa sakafuni, ofisini kwa watu. Akaniletea maji.

Jioni dalali alinipungia mkono kama kawaida yake. Nilimtukana mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Hakupandisha hata sauti.

"Mlinipa wenyewe," alisema. "Kwa mikono yenu."

Mimi, ambaye sijawahi kushindwa maneno na mtu, niligeuka nikaingia ndani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Kishapu kumwambia mama. Nilimkuta kwenye chumba cha kupanga, anachambua mchicha. Nilimweleza yote, nikijiandaa kumshika akianguka. Hakuanguka. Aliendelea kuchambua kidogo, kisha mikono ikasimama.

"Wewe ulijua kwamba inavunjika?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa natafuta kitu nisichokijua."