Fundi Mmanga Anapovua Kofia

Alasiri imeingia mtaa wa Jadida, Wete. Fundi Mmanga Msellem anasimamisha cherehani, anafuta miwani kwa pindo la shuka na kulikunjua gazeti la Kiingereza lililokuja na meli ya jana kutoka Unguja. Barazani wamekaa wazee wanne, na mwandishi wa habari hii pembeni yao.

"Haya, nikusomeeni," anasema.

Husoma Kiingereza, kisha hufasiri. Wete wanamjua kwa kazi hii isiyo na ujira kuliko kwa kanzu anazoshona. Na neno analolipenda ni "beseech", ambalo barazani limeshakuwa "bisichi".

"Si kuomba huku kwa kawaida," anaeleza. "Chumvi kwa jirani unaiomba. Bisichi ni mikono miwili na kofia umevua. Wazungu wenyewe hawalisemi. Nimewashonea suruali miaka mingi, sijalisikia vinywani mwao. Limebaki gazetini, na huko hupewa wanyonge tu. Wakulima wa Mgogoni wanabisichi wajengewe barabara. Serikali je? Serikali yasikitika, serikali yazingatia. Haijabisichi hata siku moja, yakhe!"

Anacheka mpaka miwani inamteleza.

Mwaka 1957 baraza hii ilikuwa ikifurika, watu wakitandika majamvi mpaka njiani. Fundi akifika kwenye neno lake, husimama na kuvua kofia, na wote hujibu kwa pamoja: "Wapeni!" Aliyepaza sauti kuwashinda wote alikuwa Silima Pandu, mpagazi wa bandarini, aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu alifu. Lo, ilikuwa raha! Hata kinamama wakichungulia madirishani.

Kisha zikaja kura na vyama vyake. Watu wakagawana maduka, mabasi, hata misiba. Silima akahamia baraza ya chama chake, ng'ambo ya njia. Ukikohoa huku, kule wanasikia. Lakini huu mwaka wa tatu wawili hao hawajapeana mkono.

"Mama yake alipofariki nilifuata jeneza nyuma kabisa, kama mgeni," anasema Fundi. "Mwanamke yule kanilisha. Siasa naijua, mwanangu, nami nina chama changu. Lakini Silima ni ndugu yangu, na namtaka."

Anarudi kwenye gazeti. Leo ni watu wa Kojani, wanataka boti ya kuwavusha wagonjwa. Neno lenyewe lipo. Fundi anasimama, anavua kofia.

"Wapeni," wazee wanne wanaitikia kinyonge.

"Wapeni!"

Sauti ya mwisho imetoka ng'ambo. Wenzake Silima wanamgeukia. Naye ameinamia kikombe cha kahawa, kama kwamba si yeye.

Fundi Mmanga hakai. Anatazama ng'ambo, machozi yanamlenga, kofia bado mkononi.

"Umemsikia?" anamuuliza mwandishi. "Kazowea, masikini, kama mimi. Basi gazeti la wiki ijayo sisomi hapa. Navuka njia, nikasome kule kule kwao."

Na wakimkatalia?

"Wakinikatalia," anasema, akiipangusa kofia vumbi, "si navua hii."