Bati la Baba Wakati wa Kiangazi

Kaa hapa, msikilizaji wangu, nikueleze taratibu jinsi nyumba yetu ya Izimbya ilivyopata ubaridi, enzi za Mwingereza.

Baba aliezeka bati, la kwanza kijijini, na kwa heshima hiyo kila kiangazi tuliokwa humo kama ndizi. Bibi, mama yake, alibaki kwenye msonge wake wa nyasi, akiteseka kwa ubaridi. Alimshauri baba alifunike bati kwa majani ya mgomba.

"Sasa watu wataliona wapi?" baba akajibu.

Siku ya kuposwa dada yangu, baba alitaka posa ipokelewe chini ya bati lake. Wageni hawajamaliza kutafuna buni za kahawa za kukaribishwa, mshenga akajifuta jasho. "Mzee, tumekuja kuposa au kuanikwa?"

Wote wakahamia msongeni. Baba akafuata nyuma, amejibebea kiti.

"Karibu, mwanangu," bibi akasema. "Bati lako linaonekana vizuri kutoka hapa."

Kesho yake baba alipanda ngazi mwenyewe. Nawe fanya hivyo: asubuhi, bati likiwa bado baridi, tandaza majani mabichi ya mgomba, yafunge kwa kamba, kisha uyamwagie maji.