Dawa Gani kwa Ini la Nzioki?

Mume wangu Nzioki ni mtu wa mbuzi. Anawafuga hapa Gatuanyaga, na kila Ijumaa anawapeleka Kamakis kwa Muigai, mwenye hoteli ya nyama choma. Kule anasifiwa kwa jambo moja: mbuzi wa Nzioki hawadungwi dawa, na wateja wanaogopa nyama yenye dawa. Sifa hiyo imesomesha watoto wetu, na imempa kiburi sijui cha nini.

Mwezi wa tatu akaanza kutetemeka kwa homa, ameshika ubavu wa kulia. Nikamwambia twende hospitali, akasema itapita. Zikapita wiki mbili, yeye akabaki mifupa na ubishi. Nikamfunga shuka, nikampakia kwa bodaboda mpaka hospitali ya Thika.

Huko ndiko nilichanganyikiwa kabisa. Picha ilionyesha jipu ndani ya ini. Mimi majipu ninayoyajua ni ya makalio. Wakamdunga sindano ndefu, ukatoka usaha wa kujaza kikombe, ukapelekwa maabara waone ni kidudu gani ndio wachague dawa. Majibu yakaja kwamba waliupanda usaha wakangoja, na hakuna kidudu kilichoota. Sasa usaha wote ule ulitoka wapi? Mara wanasema amiba, mara bakteria, mimi naitikia tu. Daktari Wangechi alikuwa amemwanzishia dawa ya kukisia, na siku ya tano homa bado inawaka. Akasema dawa nyingine ziko, lakini akichagua vibaya na jipu lipasuke, tutampoteza. Akauliza mara ya tatu kama mgonjwa alitumia dawa yoyote nyumbani. Nzioki akasema hapana.

Nikamtazama vizuri. Nilikuwa nimekuta chupa ya dawa ya mifugo nyuma ya gunia la mahindi, imebaki robo, na hakuna mbuzi aliyeugua tangu Krismasi. Halafu yale madoa kwenye paja lake, niliyodhani ni ya viroboto. Ngai, huyu mtu.

Shida ni kwamba Muigai alikuwa ameketi hapo hapo, amekuja kumjulia hali na machungwa. Nzioki akanibana mkono. Nilitaka kumfichia, nilitaka kumzaba kofi, sikujua nianze na lipi. Nilikuwa naogopa sana.

"Daktari, amekuwa akijidunga dawa ya mbuzi," nikasema. "Chupa iko nyumbani."

Daktari akashusha pumzi. Akaeleza kwamba labda ndiyo sababu hakuna kilichoota: dawa ile ilivilegeza vidudu bila kuvimaliza, na vilivyobaki huenda ni vile sugu. Akambadilishia dawa saa hiyo hiyo. Muigai naye akauliza, polepole, hiyo chupa ilikuwa imenunuliwa kwa ajili ya mbuzi gani. Nzioki akajifunika shuka mpaka kichwani. Muigai akaacha machungwa, akaenda zake.

Siku ya tatu ya dawa mpya homa ikashuka. Nzioki akaketi kitandani, akaomba uji. Aliuomba kwa nesi, ilhali kikombe cha uji nilikuwa nimekishika mimi.