Benchi la Wasikilizaji

Ngarambe alijaliwa sikio kali, na kila mtu kanisani kwake Louisville alilijutia. Mlango ukilia, anakuambia umelia katika sauti ya fa. Mtoto mchanga akipiga kelele wakati wa maombi, mama yake anatupiwa jicho kana kwamba amemzaa nje ya sauti. Mchana alipanga maboksi kwenye ghala moja kule Jeffersontown, na hata huko aliidharau mashine ya kufungia plastiki kwa sababu ilinguruma juu kidogo ya so. Jioni za mazoezi alikuwa mwalimu wa kwaya, na hapo ndipo dharau yake ilipopata watu wa kuishukia.

Sikio hilo lilinolewa utotoni, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, na mishonari mmoja mrefu aliyewafundisha watoto wa wafugaji kwamba mbinguni kila sauti imenyooka. Wenzake walisikiliza wakasahau, wakarudi kwa ng'ombe. Ngarambe aliamini. Akazawadiwa filimbi ndogo ya bati ya kutolea sauti, akaivaa shingoni, akakimbia nayo vita, akaishi nayo kambini, akashuka nayo ndege Kentucky. Wengine walifika Amerika na picha za wazazi wao. Yeye alifika na do.

Kabla ya kila safari ya kwaya aliwapima waimbaji mmoja mmoja kwa filimbi hiyo. Aliyepinda hata kidogo alipelekwa nyuma, kwenye benchi aliloliita la wasikilizaji. Unakaa pale na sare yako, mdomo umefungwa, unawasikiliza wenzako mpaka masikio yatakate. Wapo waliotakata baada ya miezi kadhaa, wakarudishwa mbele wakishukuru kama watu waliotoka jela. Mukabutera hakutakata kabisa, na huyo Mukabutera alikuwa mama yake mzazi.

Kosa la mama lilikuwa hili. Alichukua wimbo ambao kila mtu anaujua, akapanda nao vizuri, na alipofika kwenye mi hakukanyaga mi. Alikaa kati yake na jirani yake wa chini, mahali ambapo kinanda hakina kitufe, akatulia pale kama mtu aliyefika kwake. Makofi yake nayo yalianguka pale wenzake waliponyamaza, kwa mwendo uleule aliokuwa akisukia maziwa kibuyuni enzi za ujana wake. Ngarambe aliona haya. Kwake yeye huo ulikuwa ushamba mtupu, na ushamba wa mama mzazi humchafua mtu kuliko wa jirani.

Basi mwaka mmoja Uwineza, binti wa Mukabutera na dada yake Ngarambe, akafariki kule Buffalo, alikokuwa akiishi na mumewe Ntwari. Ilipowadia siku ya kuanua matanga, kwaya ya Louisville ikaalikwa kwenda kuimba. Mukabutera akamfuata mwanawe jikoni.

"Mwana wangu, kule Buffalo ni mimi nitaanzisha wimbo ya Uwineza. Nilimuimbiaka ile wimbo tangu akiwa mgongoni."

"Mama, hapana. Wewe unapindaka sauti. Batu ba Columbus na ba Buffalo batatucheka."

"Ni mtoto wangu alikufa."

"Donc, basi hiyo ni sababu ya kuimba mubaya?"

Hayo aliyasema mtu mzima mwenye mvi, akimwambia mama yake, na tena akaona amesema la busara. Mukabutera alipiga pasi sare yake, akaingia kwenye gari pamoja na wengine, kama msikilizaji.

Njiani walipumzika Gahanna, pembeni mwa Columbus, kwa mchungaji Gasore, mtu mnene mchangamfu ambaye kwake hakuna mgeni aliyeondoka na njaa. Wakiwa mezani, Gasore akamuuliza Isaro, binti wa Ngarambe, anapiga chombo gani shuleni. Isaro akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba anapiga tromboni, lile bomba refu la kuvuta na kusukuma, katika bendi ya jazi.

Ngarambe alisonya. Kwake yeye jazi lilikuwa jina walilojipachika wapiga magitaa wa mabaa ya mji wa Uvira, watu wa bia na wake za wenyewe.

"Hiyo ni muziki ya balevi," alisema. "Shule gani inafundishaka bulevi?"

Isaro aliendelea kumweleza Gasore, kana kwamba baba yake ni feni inayovuma ukutani. Alisema ile jazi ya mwanzo haikuzaliwa na gitaa la mtu. Ilitokana na watu waliochukuliwa utumwani, walioimba wakilima, mmoja akianza na wengine wakimjibu. Waliingia makanisani na nyimbo za mabwana zao, wakaziimba walivyojua wao, wakaambiwa wanapinda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Amerika vilipokwisha, wajukuu wao wakaokota tarumbeta za bendi za jeshi na kuwasindikizia wafu makaburini, kwenda kwa huzuni na kurudi kwa kucheza. Kule New Orleans kulikuwa na uwanja walikokusanyika Jumapili kupiga ngoma, ukaitwa Kongo. Na kulekule kwao Louisville, watu wasio na pesa ya chombo walipuliza mitungi mitupu, ikatoa besi.

"Mitungi!" Ngarambe alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Batu bazima banapuliza mitungi! Bon, basi na sisi tulete masufuria."

Gasore yeye alishikilia neno moja tu. "Kongo? Basi ni yetu! Mimi nilijuaka!"

Haikuwa yao. Watumwa wale walitolewa upande wa bahari ya magharibi, na Kongo ya merikebu za watumwa ni kule mto wa Kongo unakoishia baharini, safari ndefu mno kutoka milimani kwao. Hakuna aliyepanda Kivu kuiba wimbo wa Mukabutera. Lakini mpe mchungaji nafasi ya kujisifu, uone kama atauliza ramani.

"Sikusema wametoka kwetu," Isaro alisema. "Nimesema na wao waliambiwa wanapinda. Ile sauti ya katikati anayoimba bibi, mwalimu wetu alihangaika na bendi nzima ili tuipate kwenye tromboni. Mimi niliipata siku ya kwanza. Nimeisikia jikoni maisha yangu yote."

Mukabutera aliuliza mtoto amesema nini. Kabla hajatafsiriwa, Ngarambe alipuliza filimbi yake, pale pale juu ya wali, akatangaza kwamba mapumziko yamekwisha.

Ukumbi wa kanisa la North Buffalo ulikuwa umejaa walipofika, wao na watu wa Gasore kutoka Columbus. Kwa desturi ya watu hawa, matanga hayaanuliwi mpaka mama wa marehemu alie kilio chake cha mwisho. Ndipo chakula hupakuliwa. Kwaya ikasimama, Ngarambe akatoa do, wakaimba wimbo wa Uwineza.

Waliuimba bila kosa hata moja. Sauti ya kwanza ilikaa juu ya ya pili kama sahani kabatini. Hakuna aliyelia. Ntwari, mjane wa Uwineza, alitazama viatu vyake. Wazee walitazama mlango wa jikoni, na masufuria yakaanza kupoa. Ngarambe, akiridhika mno na kazi yake, akaamuru warudie.

Ndipo benchi la nyuma likaanza. Mukabutera aliimba akiwa amekaa, macho kafumba, mwili ukienda mbele na nyuma kama aliyepakata kibuyu. Akapanda, akafika pale, hakukanyaga mi. Ngarambe alipuliza filimbi kumrekebisha. Akapuliza tena. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakamtazama yeye, wakamtazama mama, kisha wakampa yeye mgongo na kumjibu mama. Makofi yakahama, yakaangukia kwenye nafasi tupu. Isaro alikuwa wa kwanza kuyapiga. Mikono ya mwalimu iliendelea kupunga peke yake.

Alisikiliza ili apate la kumlaumu, na hapo lile sikio lake, alilojivunia maisha yote, likamgeuka. Kila ubeti mama alirudi mahali palepale. Palepale hasa, si juu kidogo wala chini kidogo. Anayekosea hakosei mahali pamoja kila ubeti. Mama yake alikuwa akiijua ile sauti kama yeye alivyoijua do, na alikuwa akiijua kabla mishonari hajapanda mlima.

Ntwari akaangua kilio. Ukumbi wote ukafuata. Mukabutera alilia akiimba, hakuacha, na wale waliomjibu walimshika asianguke.

Na Ngarambe? Uwineza alikuwa dada yake. Alimbeba mgongoni wakikimbia vita, na tangu azikwe hakuwa amemlilia. Sasa akafungua kinywa amjibu mama pamoja na wenzake. Ikatoka mi, safi, imenyooka, ikachomoza katikati ya wimbo kama msumari kwenye kiatu. Akajaribu kushuka, akapitiliza. Akajaribu kupanda, akarudi kwenye mi. Watu wakamgeukia na jicho lilelile ambalo yeye huwatupia mama wa watoto wachanga.

Wimbo ukasimama. Mukabutera akanyanyuka, akajifuta uso kwa kitambaa, akamwendea mwanawe.

"Mama," alisema Ngarambe, "na mimi ninataka kumuimbia."

"Ninajua."

"Unifundishe basi."

Mukabutera akamvua ile filimbi shingoni na kuitia mfukoni mwa sare yake. Akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya ukumbi.

"Kaa kule," alisema. "Sikiliza kwanza."

Ngarambe alipita katikati ya watu wa miji mitatu, akaenda akakaa kwenye benchi lake, na sare yake, mdomo umefungwa. Mbele, wimbo wa dada yake ukaanza upya, na hakuna aliyegeuka kumtazama.